Wanane Uwanjani

Kosa langu la mwanzo katika besiboli halikuwa kudondosha mpira, ingawa kwa muda mrefu ndivyo nilivyoamini. Kosa lilikuwa kumwambia kocha, nikiwa na miaka kumi na tatu, kwamba nitarudi kwenye timu nikishakuwa tayari. Aliniangalia kidogo, akatupia gunia la magongo begani, akasema, "Sharp, sawa, kijana wangu. Lakini mchezo unataka watu tisa tu. Hakuna aliyesema tisa walio tayari."

Mwezi uliopita nilipita kwenye daraja la miguu juu ya reli, hapa Doornfontein, Johannesburg, nikaukuta uwanja wetu umejaa magari mabovu yanayong'olewa vipuri. Nilisimama palepale nilipowahi kusimama asubuhi moja ya Septemba 2019. Nikaona bora niandike, kwa sababu kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila mara nimekisimulia kwa uongo.

Tuliishi ghorofa ya tatu, mimi na mama, katika chumba kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa pili alikaa jirani yetu, mshonaji wa Kirundi, na cherehani yake ndiyo iliyoniamsha kila siku, kabla hata ndege hadeda hawajaanza kupiga makelele yao juu ya paa. Mama alitoka Uvira, Kongo, akiwa amenibeba mgongoni. Alikuwa akisuka watu nywele kando ya barabara, na jioni vidole vyake vilinuka mafuta ya nazi hata baada ya kunawa. Alipotwanga sombe, majani ya muhogo, watu wa ghorofa ya pili waligonga dari yao kwa mpini wa ufagio, naye alitwanga kwa mdundo wao, akicheka.

Nyumbani hakuna aliyeuelewa mchezo wangu. Mshonaji alitushonea namba migongoni mwa jezi bila kudai chochote, lakini aliniuliza, "Mchezo gani huu, mtu anakimbia kwa nguvu zote halafu anarudi alikotokea?" Nilimweleza kwa nusu saa. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Kitabu cha sheria za besiboli nilikipata kwa muuza vitabu wa kando ya njia, kimechanika jalada, na Kiingereza changu nilijifunzia humo. Nilijua namna ya kudaka mpira wa juu kabla sijawahi kuudaka hata mmoja. Kila kosa nililofanya uwanjani nililiandika kwenye daftari, nikalisoma kabla ya kulala. Nilidhani ndivyo watu wanavyojifunza.

Kocha alikuwa mzee wa hapahapa, aliyeujua mchezo tangu utoto wake Soweto. Siku za kazi alifagia korido za jengo la ofisi. Jumamosi alitukusanya sisi wa magorofa, Wakongo, Wazimbabwe na Wazulu, akatununulia vetkuku za moto, maandazi ya huku, na mafuta yake yakafanya magongo yatuteleze mikononi. Msimu ule wa kiangazi, wa mwisho kabla ya ninayotaka kusema, tulishinda mechi moja. Nyingine zote tulipigwa. Timu za vitongoji vya mbali zilipotuona tukishuka uwanjani zilisema, "Ah, leo tunapumzika."

Mechi ya mwisho nusura tuishinde. Kulibaki mpira mmoja tu wa kudakwa, ukaja kwangu, upande wa kulia, juu, polepole, mpira ambao mtoto mdogo angeudaka kwa sketi. Niliusubiri kama kitabu kinavyosema. Uligonga ukingo wa glovu, ukaangukia kiatu changu. Wapinzani wakakimbia mpaka kituo cha mwisho, wakatupita, mchezo ukaisha. Mdakaji wetu, msichana wa Kizulu aliyekaa mitaa miwili kutoka kwetu, alivua kofia yake ya chuma, akapaza sauti, "Profesa! Huo ulikuwa ukurasa wa ngapi?" Wote wakacheka, na kocha pia. Leo najua kilikuwa kicheko cha watu wanaokupenda. Siku ile nilikisikia kama hukumu, na ndipo nilipomwambia kocha maneno yale.

Majira ya baridi ya Johannesburg ni makavu. Nyasi hugeuka rangi ya kadibodi, na moshi wa mbao zinazochomwa kwenye mapipa hukaa kooni mchana kutwa. Timu ilipukutika. Mtupaji wetu alihamia mpira wa miguu: "Kule angalau watu wanakuja kuangalia." Wawili walihama na wazazi wao. Mimi nilikuwa naivaa kofia ya timu kila siku, mpaka kanisani, hadi mama akaninyang'anya mbele ya mchungaji. Kila alasiri nilirusha mpira wa tenisi kwenye ukuta wa nyuma ya jengo na kuudaka. Nikiudaka mara mia bila kukosa, nilijiahidi, nitarudi. Nikikosa wa tisini, naanza upya. Niliamini kwamba mwaminifu kuliko wote katika timu ile nilikuwa mimi.

Jumamosi mdakaji alikuwa anasimama barabarani, chini ya dirisha letu. "Profesa! Shuka! Tuko saba!" Nilijibanza nyuma ya pazia. Mshonaji alisema bila kuinua macho, "Unaitwa." Nikasema, "Najua." Mwishoni mwa Agosti sauti ilibadilika: "Tuko wanane! Kocha anasema siku ya kwanza ya ligi tusipofika tisa wanatufuta! Eish, Profesa, wewe ni kiziwi?"

Halafu ikaja ile wiki ya Septemba ambayo maduka ya wageni yalivunjwa na kuchomwa mjini. Mama hakwenda kusuka siku nne. Tulikula ugali na chai, tukizungumza kwa kunong'ona, na cherehani ya jirani ikanyamaza. Jumamosi mtaa ulikuwa umetulia. Niliamka nikakuta mama amepiga pasi jezi yangu. Hakuwa ameniuliza. Alinipa na kusema, "Enda. Batoto ba pale banakujua."

Nilitoka nikiwa na nia ya kucheza, naapa. Robot, taa ya barabarani ya kona, ilikuwa inawaka kama kawaida, watu walifagia vioo, hakuna aliyenigusa. Nilifika darajani, nikawaona chini, ng'ambo ya reli. Walikuwa wamejipanga kwenye mstari mweupe na kocha mbele yao. Wanane. Refa alitazama saa. Mdakaji alikuwa ameweka kiganja juu ya macho, akitazama njia ya kwetu, lakini hakuinua kichwa mpaka darajani.

Nilikuwa na jezi na viatu. Ngazi zilikuwa hatua ishirini. Lakini jana yake niliishia themanini na nane ukutani, na nikaanza kufikiri namna watakavyonitazama nikishuka nimechelewa, na nitakavyoudondosha mpira tena, safari hii mbele ya timu iliyonisubiri. Nikajiambia yuko mwingine anakuja. Niliitazama njia kumtafuta huyo mwingine. Refa akatazama saa tena, akampa mkono kocha wa timu ya pili, wale wakaanza kufunga mabegi. Kocha wetu aliokota magongo moja moja, akayarudisha kwenye gunia. Mdakaji alikaa chini akavua viatu.

Mama aliponiona narudi mapema aliuliza kulikoni. Nikasema nilikuta kundi la watu wenye marungu kwenye kona, nikageuka. Ilinitoka kirahisi. Alinikumbatia mpaka nikashindwa kupumua.

Jumapili mchana kocha alibisha hodi. Alikuwa amevaa koti la kanisani, amebeba mfuko wa machungwa. Mama hakujua Kiingereza wala Kizulu cha kutosha, kwa hiyo ilibidi nikae katikati yao nitafsiri, kama nilivyofanya kliniki na kwa mwenye nyumba.

"Mwambie mama timu imefutwa," alisema. "Lakini si hilo lililonileta. Mwambie nimesikia kwa nini hukuja."

Alikuwa amesikia kwa mshonaji. Nikatafsiri.

"Mwambie ningekuja kukuchukua mimi mwenyewe, nikushike mkono. Sikufikiri. Mwambie waliofanya hivi ni watu wangu, nina aibu, naomba anisamehe. Mtoto asiogope kwenda kucheza."

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ningeweza kusema wakati ule. Lugha zote mbili zilikuwa mdomoni mwangu, na hakuna mwingine chumbani aliyekuwa nazo. Nilitafsiri neno kwa neno. Sikukosea popote. Mama akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasema, "Umwambie Papa huyu, hana kosa. Mungu amubariki." Nikalipeleka na hilo. Mzee akainamisha kichwa, akanipigapiga begani, akashuka ngazi taratibu kama mtu mwenye maumivu ya goti.

Hakuna timu nyingine iliyoanzishwa pale. Mdakaji alinisalimia mtaani kwa upole mbaya, ule wa kumsalimia mgonjwa, kisha yeye na familia yake wakahama. Kocha alihamia kwa ndugu zake KwaZulu baada ya kazi yake kuisha, na namba yake haipatikani tena. Nimeijaribu. Aliondoka akiwa bado na aibu isiyokuwa yake, na mimi ndiye niliyembebesha, kwa ufasaha.

Mwezi uliopita, baada ya kutoka darajani, nilimweleza mama yote. Alikuwa anamsuka mteja. Mikono ilisimama kidogo, ikaendelea.

"Basi ile samahani tulimuibia," alisema.

Akamwinamisha mteja kichwa, akaanza msuko mwingine.

Siku hizi nachezea timu ya watu wazima, upande wa mashariki wa mji. Msimu uliopita tulishika mkia, na nusu ya wachezaji wameacha. Bado nadondosha mipira rahisi. Daftari la makosa nimeacha kuandika, na kila Jumamosi nafika.