Sauti Mpya ya Melania

Ujiji kila mtu anajua kusema, na anajua kwamba anajua. Ndiyo maana watu wa mtaa ule walimshangaa Melania, muuza maandazi. Ukimuuliza bei, jibu aliiambia khanga yake: mkono mdomoni, macho chini, na ile sauti nzito yenye mikwaruzo ikaishia kooni kabla haijakufikia. Alikozaliwa, mwanamke aliyelelewa vizuri hapazi sauti mbele za watu. Sababu ya pili hakuisema. Alikuwa amejiita Muha wa Kalinzi, kijiji cha huko huko Kigoma, na kila neno alilolitamka kwa nguvu lingeweza kumtoa hadharani kuwa ni Mrundi aliyetoka kambi ya wakimbizi bila kibali.

Mwenye nyumba wake, Bi Kuruthumu, ndiye aliyemchokonoa mpaka akasema. Mwaka 2015, walipokimbia Burundi, watu walijazana ufukweni Kagunga, mpakani. Meli ya kwenda Kigoma ilisimama kwenye kina, na mitumbwi ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka. Melania alimpandisha binti yake Ineza, wa miaka sita, pamoja na jirani yao Eufrasia, yeye akabaki na mizigo akisubiri mtumbwi wa pili. Mtumbwi wa pili haukuiwahi meli. Alipofika Kigoma siku nne baadaye, Eufrasia alikuwa amekufa kwa kipindupindu, na mtoto aliyekuwa naye hakuna aliyejua kachukuliwa na nani. Miaka sita kambini alisomewa orodha za majina. Ineza hakuwemo.

Bi Kuruthumu alikuwa mshereheshaji wa harusi, mwanamke ambaye akinong'ona, jirani anaitika. Alisikiliza akalia bila kujificha, akapangusa uso kwa ncha ya mtandio, kisha akachukua simu.

"Mdogo wangu, siku hizi watu wanapatikana mtandaoni. Tutarekodi video."

Melania alikubali, ila uso wake usionekane, kwa ajili ya hicho kibali. Wakapiga picha kipande cha kitenge cha njano, ambacho nusu yake Ineza aliondoka kajifunga, na juu ya picha hiyo Melania akaeleza yote. Waliosikiliza mpaka mwisho walikuwa kumi na mmoja. "Mama, hatusikii," akaandika mmoja. Mwingine akaandika, "Huyu anaongea au anatafuna?" Bi Kuruthumu aliifuta video ile kwa hasira, simuni na mtandaoni.

"Sauti ndiyo uso wako humo," alisema. "Nayo nitaifua mimi."

Akaifua kweli. Kila siku maandazi yakiisha walishuka Katonga, mwaloni pale ziwani, palipo na injini za mitumbwi na kelele za wachuuzi. Bi Kuruthumu alimshikisha beseni la maji kwa mikono miwili ili mkono usipate nafasi ya kwenda mdomoni. Hatua kumi mbele yao alikuwepo mama muuza dagaa. Melania aseme neno. Mama yule asipogeuka, arudie. Siku za mwanzo alirudia mpaka maji ya beseni yakamlowesha miguu kwa kutetemeka.

"Vuta pumzi ijae tumbo. Koo ni njia tu, usilifanye ghala! Halafu tabasamu ukisema."

"Nitabasamu, dada, wakati namtafuta mwanangu?"

"Watu wanataka kumsikia mtu, hawataki kusikia jeneza."

Tangawizi ya moto asubuhi. Gazeti la zamani akilisoma kwa sauti, kurasa zote, hata matangazo ya vifo. Kila lafudhi ya kwao ilipochungulia, Bi Kuruthumu aliipiga kofi la mdomo, na Kirundi kikaondoka, kikaondoka na Kiha cha kuazima. Mwezi wa tano wa mazoezi mama wa dagaa akawa anageuka kwa neno la kwanza. Sauti iliyotoka ilikuwa nyepesi, imenyooka, ina jua ndani yake. Nisifiche, Melania aliipenda. Alijikuta akiita wateja kutoka ng'ambo ya barabara, na siku moja akacheka kwa mara ya kwanza tangu Kagunga.

Video ya pili ilisikilizwa na watu elfu arobaini. "Sauti ya redioni hii!" waliandika. Wiki ya tatu ukaingia ujumbe wa sauti, kwa namba ya nchi ya mbali. Bi Kuruthumu alipiga vigelegele kabla hata ya kuufungua.

"Mimi ndiye Ineza," ilisema sauti ya msichana. "Nimekusikiliza mara nyingi. Wewe si mama. Wawili waliojiita mama walikuja kabla yako, nao walikuwa na maelezo mazuri, kumbe wanataka vitu kwa hawa wanaonilea. Mama yangu alisema chinichini. Sauti yake ilikuwa nzito, nikilala kifuani kwake naisikia kwenye mifupa. Hiyo tu ndiyo niliyobaki nayo. Usinitafute tena."

Walipopiga, namba ilikwishawafungia. Bi Kuruthumu akatoa simu yake ya pili. "Sema kama zamani! Sema vile vile!"

Melania aliweka mkono mdomoni, akainamisha macho. "Ineza we, mwana wanje..." Maneno yalikuwa yale yale ya Kirundi ya kumwita mwanawe, lakini yalitoka yamenyooka, kila moja limekamilika, na lile tabasamu la kufundishwa limo ndani. Aliyasikia mwenyewe. Ni mwigizaji aliyekuwa akimwigiza Mrundi. Wakautuma ujumbe huo hivyo hivyo, wangefanya nini? Alama ikaonyesha umesikilizwa, kisha na simu ile ikafungiwa.

Bi Kuruthumu alikaa mkekani, akaurudia ule ujumbe wa msichana, labda kuna kitu kiliwapita. "Na huyu mtoto naye," alisema akifuta machozi, "anameza maneno. Sauti yote imeganda kooni."

Tangu ujumbe ulipoanza Melania alikwishaitambua sauti ile. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile waliyoifuta, nayo imo kwa mwanawe nzima nzima, na kumjibu hawezi. Hakuwahi kuumia hivyo, hata siku ya meli.

Sasa anashuka Katonga peke yake, bila beseni. Anaweka simu sikioni, anamfuatisha mtoto sentensi kwa sentensi, kajifunika mdomo, akijitahidi kuirudisha kooni.

"Wewe si mama," anasema chinichini kadiri anavyoweza.

Hatua kumi kule, muuza dagaa anageuka.