Ukuta wa Nta wa Mkiwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha msasa na kuamriwa nifunge mdomo. Msimamizi wa Karakana pale Manyoni aliamini kwamba anayepiga msasa huku akipiga soga ataacha mabonde kwenye ubao. Nilikuwa msichana wa Kintinku, nimemaliza shule juzijuzi, na katika karakana ile ya jirani na reli hapakuwa na mwanamke mwingine. Mafundi walidhani nimemletea mtu chakula.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia Msimamizi.

"Marahaba. Kazi ya kumalizia unaijua?"

"Siijui."

"Afadhali. Wanaoijua wananisumbua sana."

Kazi ya kumalizia, wajukuu zangu, huanza pale seremala anapoweka randa chini. Yeye ameunda kaunta, wewe unaifanya ipendeze na idumu. Unaanza na msasa wa chembe nene, unashuka hadi ule laini, na siku zote unafuata nyuzi za mbao, huzikati kwa kukingama. Kisha unapaka sila, maji mazito yanayoziba vitundu vya mbao, na juu yake vanishi. Kila nilipomaliza, Msimamizi alikuja, akafumba macho na kupapasa.

"Mteja ataegemea hapa kila siku," alikuwa akisema. "Jicho unaweza kulidanganya. Kiwiko hakidanganyiki."

Fahari ya karakana yetu, hata hivyo, haikuwa vanishi. Ilikuwa nta ya nyuki, iliyoletwa kutoka upande wa Rungwa ikiwa madonge ya rangi ya ugali wa mtama. Tuliiyeyusha ndani ya kopo lililosimamishwa kwenye sufuria ya maji ya moto, maana ukiiweka motoni moja kwa moja itawaka na wewe utawaka nayo. Tukaichanganya na tapentaini, mafuta ya kulainishia nta na rangi, tukaisugua kwenye mbao za mninga kwa kitambaa cha pamba. Mbao iliyopakwa nta haimetameti. Inang'aa taratibu, na inanukia. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kukipenda kitu kingine cha mikono yangu, na sioni aibu kusema hivyo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Singida mjini, chini ya Meneja wa Kiwanda cha Samani. Huyu kwake kila kilichotoka ndani ya boksi kilikuwa maendeleo. Ndiye aliyetuletea fomeka, zile karatasi ngumu za kugandisha juu ya meza, kisha chipubodi ya chembe za mbao zilizogandishwa, kisha MDF, ambayo ni unga wa mbao ulioshindiliwa pamoja na gundi. Mwanzoni niliidharau. Lakini tulipotengeneza kaunta za duka la dawa, zinazofutwa kwa dawa kali asubuhi na jioni, nilikiri moyoni kwamba mninga wangu usingestahimili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila MDF ina adui mmoja, naye ni maji, kwa hiyo kazi yangu ikawa kuziba kingo zake zote kwa utepe kabla haijavimba kama andazi.

Adui yetu mwingine alikuwa upepo wa Singida. Rangi ya kupulizia kwa kompresa inataka hewa tulivu, na hewa tulivu pale mjini ni ya kuomba kwa Mungu. Tulimwagia sakafu maji na kutundika magunia mabichi mlangoni. Bado siku moja nzi alinasa kwenye vanishi ya meza ya bosi mmoja wa benki. Meneja aliinama akamtazama kwa muda.

"Mama Ester," akaniuliza, "huyu naye amekuja kuomba mkopo?"

Kazi ninayotaka kuieleza hasa ni ya mwisho mwisho, nilipokuwa tayari nina karakana yangu. Bi Zuhura, mjane aliyeuza kuku na chipsi pale njia panda ya Mkiwa tangu ujana wake, alikuwa amejenga hoteli ya chakula. Alikuwa na lengo moja: mabasi ya safari ndefu yasimame kwake mchana. Hoteli ya barabarani isiyo na mabasi ni banda la kivuli tu, na yeye alikuwa ameweka humo kila alichokuwa nacho, pamoja na ajira za wapishi na wahudumu waliomtegemea. Mkaguzi wa kampuni ya mabasi alikuwa amemwahidi kuja kula na kuamua.

Msanifu wa ndani ya hoteli alikuwa binti kutoka Dodoma, mwenye adabu na akili nyingi. Aliona tatizo mara moja: malori yanaponguruma njia panda, wateja hawasikilizani. Akachora ukuta wa paneli zenye matundu madogo madogo, na nyuma ya paneli nafasi tupu, ili sauti iingie humo ifie huko. Zilikuwa za plaiwudi iliyobandikwa vinia, yaani ngozi nyembamba ya mninga halisi. Nilipomwonyesha Bi Zuhura vibao vya mfano, vingine vya vanishi, vingine vya fomeka, alivinusa kimoja kimoja kama mtu anayechagua samaki. Alipofika kwenye kibao cha nta alikishikilia.

"Baba yangu alikuwa mfuga nyuki," alisema. "Nyumba yetu ilinukia hivi. Nipakie hii."

Tukapaka. Na kwa kuwa mbao iliyopakwa upande mmoja hupinda, nilizipaka nta mbele na nyuma, kama nilivyofundishwa. Ukuta ulipokamilika nilifumba macho nikaupapasa mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, wala sikuifanya tena baadaye.

Asubuhi ya siku ya Mkaguzi, ukuta uliotengenezwa ili umeze sauti ulikuwa unatoa sauti. Niliweka sikio. Ulikuwa unavuma.

"Mama, ni umeme?" Msanifu aliuliza.

Bi Zuhura aliona nyuki wakipita dirishani na kuingia matunduni, mmoja nyuma ya mwenzake, bila haraka. Akaketi kwenye kiti, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi kabla hakijaisha.

Maana sote tulielewa kwa wakati mmoja. Mfugaji anapotaka kundi lihamie kwenye mzinga mpya, hufanya nini? Hupaka nta ndani. Mahali penye giza, pakavu, penye tundu dogo na harufu ya nta. Mimi nimezaliwa wilaya ya asali, Bi Zuhura amelelewa na mizinga, mafundi wangu wawili wana mizinga msituni Itigi hadi leo. Tulikuwa tumejenga mzinga mrefu kuliko chumba cha kulia, tukapanga meza mbele yake.

Mtu aliyesimamia ujenzi wa hoteli alikuja na bomba la dawa ya wadudu. Bi Zuhura alisimama mbele yake.

"Weka chini hilo bomba. Hawa hawajavamia. Tumewaita wenyewe."

Akamtuma mtu kwenda kumleta mfuga nyuki aliyekuwa akiuza asali barabarani. Lakini Mkaguzi alifika kwanza. Wengine wangemkalisha nje, wangewasha redio kwa sauti kubwa. Bi Zuhura alimwamkia, akampeleka moja kwa moja ukutani, akamweleza kila kitu. Mkaguzi alikuwa mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alisikiliza, akarudi nyuma kidogo, akakubali kula chakula chake chini ya mti wa uani. Alikula vizuri, nikamwona anamalizia hata mchuzi. Kisha akasema:

"Chakula nimekipenda, mama. Na umeniambia ukweli, nimeupenda zaidi. Lakini ndani ya basi nina watoto, nina wazee. Nihakikishie kwamba nyuki hawatarudi, mabasi yataanza wiki ijayo."

Mfuga nyuki alipofika alifukiza moshi kidogo, tukafungua paneli, akawakung'utia kwenye mzinga wake bila shida, maana kundi lililohama jana bado ni pole, halina watoto wa kulinda. Alipoondoka ukumbi ukawa kimya, na jua la alasiri likaupiga ule ukuta. Nisamehewe, lakini ulikuwa mzuri kupita kiasi.

Bi Zuhura alinigeukia. "Dada, wewe ndiye fundi. Mkaguzi anasubiri nje. Ukisema utaufuta kwa thina, utapaka sila, na hawatarudi, mimi naubakiza. Niambie tu."

Alitaka niseme ndiyo. Mimi pia nilitaka. Msanifu alinitazama kwa macho ya kuomba, maana ulikuwa ukuta wake pia. Nilijua thina, ile ya kuyeyushia rangi, ingefuta nta ya juu ya mbao, lakini ndani ya yale matundu nta ilikuwa imezama, na juu yake sasa kulikuwa na harufu ya kundi lenyewe. Huenda wangekaa mwaka bila kuja. Huenda nisingeulizwa tena.

"Watarudi," nilisema.

Bi Zuhura alienda mwenyewe kuchukua nyundo ya kung'olea misumari, akanipa. Tuliung'oa jioni ile, mimi na mafundi na Msanifu, na nililia bila kujificha. Msanifu alichora upya: paneli za plastiki, laini, za kufutika, ambazo hakuna nyuki anayeweza kuzitamani, na ile sauti ya malori akaimaliza kwa dari la jipsamu na mapazia mazito. Tuliziweka kwa uangalifu uleule. Mkaguzi akaridhika, mabasi yakaanza.

Sasa nimestaafu. Mikono inatetemeka, na kifua kinanikumbusha vumbi lote nililovuta enzi ambazo hatukujua kuvaa barakoa. Vijana huja kuniuliza ipi bora, mbao au plastiki, nta au vanishi ya maji. Wanangoja niitukane plastiki. Siitukani. Nawaambia wamuulize kwanza atakayekaa mle ndani, na wakishajua jibu, wasilikwepe kwa sababu tu linaharibu kazi waliyoipenda.

Mwezi uliopita nilisafiri kwenda Manyoni kumwona binti yangu, na basi likasimama Mkiwa. Ukumbi ulijaa. Bi Zuhura, mwenye mvi sasa kama mimi, alinitoa kwenye foleni akanikalisha meza ya ukutani, akaniletea kuku kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada," nikamwambia, nikigusa ile plastiki, "mimi bado naulilia ule ukuta."

"Hata mimi," alisema. Akasogeza sahani karibu yangu, dereva akapiga honi nje. "Kula basi, watakuacha."