Povu kwenye Kompresa ya Marehemu

"Tangi hili linavuja, Mama Natalia. Umeniuzia kopo," fundi niliyemuuzia kompresa ya upepo aliniambia mbele ya wanunuzi wangu wa maandazi. Alikuwa ameirudisha kompresa kwa toroli hadi barazani kwangu, anataka pesa yake, na pesa hiyo nilishanunulia bati za kuezekea nyumba.

"Marehemu mume wangu alijazia matairi ya trekta za shamba la mkonge kwa hiyo hiyo," nikamjibu. "Ilingoja ikufikie wewe ndiyo ivuje?"

Huyu bwana hapandishi sauti hata akigomba. Kila spana huifuta pajani kabla ya kuilaza chini, mpaka upande huo wa suruali unang'aa kwa grisi. Aliomba sabuni atafute panapovuja. Siku zile sabuni ilikuwa ya mgao, nami nilibakiwa na kipande cha kufulia sare za mwanangu. Nikampa, ili watu waone. Akaiwasha kompresa, akapaka povu tangi zima, likatulia. Akapaka kwenye kiungo cha bomba, alichokifunga mwenyewe kwa nyuzi za katani baada ya kuinunua. Povu likafura, likapasuka, likafura tena.

Hakuna aliyecheka. Fundi akachukua spana safi akaifuta pajani, akaifuta tena, macho hayainuki. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, nikaona haya kuyatoa.

"Sabuni nitakurudishia mgao ukija, mama," akasema, akitazama chembe iliyobaki kiganjani.

"Ya sabuni yaishe, fundi. Kaa, unywe chai."