Mkono Wangu na Boîte ya Vitesse

Miezi minne niliambiwa kwamba nina mkono mzito. Siyo mkono wa kupiga mtu, hapana, ingawa ziko siku nilitamani. Ni mkono wangu wa kuume, ule unaoshika levye, kile kijiti cha gia, na kubadilisha vitesse. Kamyoneti yetu ilianza kulia, na kila mtu, kuanzia mume wangu mpaka wanaouza petroli ya chupa kando ya barabara, alikwisha kumjua mkosaji kabla ya kufungua kitu chochote.

Tuliinunua ikiwa imezeeka tayari, kwa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo. Mume wangu ni mwalimu, anarudi nyumbani saa nane. Mimi ndiye niliyekuwa ninakwenda nayo barabara ya Buta ya zamani, kupita Masako, mara tatu kwa juma, kuchukua ndizi za makemba na pondu, majani ya muhogo, kwa wakulima na kuja kuuza sokoni Tshopo. Kaka yangu alinifundisha kuendesha kabla sijaolewa. Niliijua barabara ile shimo kwa shimo, na siku zote nilirudi na mzigo mzima. Hakuna aliyenisifu, na mimi sikuomba sifa.

Sasa kelele. Ilianza kama kinu kinachosaga mahindi yenye changarawe, chini kabisa, katikati ya viti viwili. Ikazidi kila nilipopakia. Vitesse ya kwanza inalia, ya pili inalia, ya tatu inalia mpaka huwezi kuzungumza na mtu wa kando. Nikisimama bila vitesse yoyote, injini ikiwaka, inanguruma polepole. Nikikanyaga embrayage, ile klachi, kimya. Nikiachia tu, inaanza tena. Mambo haya niliyaona mwenyewe, siku baada ya siku, nikayapanga kichwani, nikangoja mtu wa kuniuliza.

Fundi wa kwanza alichukua ufunguo mkononi mwangu na kunipa kiti cha plastiki. Akazunguka mtaa mara moja, motokari tupu, vitesse ya pili, akarudi. Hakuongea na mimi. Aliongea na mume wangu: eti madame anasukuma vitesse kwa nguvu, amekula meno ya boîte, lile sanduku la gia. Fundi wa pili alifanya vilevile, akaongeza kwamba wanawake wanapumzisha mguu kwenye embrayage. Nilijaribu kumweleza habari ya pedali. Alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto akikariri sala, kisha akageuka na kumwuliza mume wangu kama tumebadilisha matairi. Matairi! Roho ilinipanda, lakini nikanyamaza, kwa kuwa ukikasirika wanasema umeona sasa, njo vile anaendeshaka.

Habari zikafika kwa tonton, baba mkubwa wa mume wangu, kiongozi wa ukoo hapa Kisangani, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamkatalia. Akaamua. Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa, tule kwake, na pale nitoe ufunguo. Kuanzia siku hiyo mume wangu ataendesha, mimi nitakaa kando na vikapu vyangu. Sasa mwalimu anayerudi saa nane ataendesha saa ngapi? Jumamosi tu. Mkulima hakungojei wiki nzima na pondu yake. Atampa mwingine, na mwingine atachukua nafasi yako sokoni. Nilijua wazi kwamba ufunguo ule ukitoka mkononi mwangu hautarudi, na biashara itakwenda nao. Nilimwambia mume wangu hivyo, na kwamba inaniuma yeye kutosema neno. Akajibu tu kwamba tonton amesema.

Muuza samaki mmoja, jirani yangu wa sokoni, ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa tatu, mzee mmoja karibu na barrage, lile bwawa la umeme la mto Tshopo. Mume wangu alikuja pia, nadhani ili asikie hukumu kwa masikio yake. Mzee aliuliza nani anaendesha. Mume wangu akaninyoshea kidole kama anayeonyesha mwizi. Basi yule mzee akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi.

"Panda, mama," akaniambia. "Tuende na muzigo yake vilevile."

Nyuma kulikuwa na makemba nusu ya mzigo. Mume wangu alibaki kwenye kiti cha plastiki. Tulitoka, kelele ikaja, mzee akainama na kuweka kiganja sakafuni. Tulipopata kipande cha lami akaniambia niweke ya nne. Kelele ikafa. Ya tatu: ikarudi. Kwenye barabara yangu ya mashimo nani anafika ya nne? Sikuwahi kujua. Kisha akaniuliza kinachotokea nikikanyaga embrayage, na pale nikamwaga yote niliyoyabeba miezi minne, haraka haraka, machozi karibu yanitoke. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haiko mukono," akasema. "Mukono mubaya ingeumiza ya ine pia. Ni ma-roulements ya ndani."

Roulement ni ile duara ya chuma yenye vigololi, inayofanya vyuma vya boîte vizunguke bila kusagana; kwenye ya nne zile za ndani hazibebi uzito, ndiyo sababu zinanyamaza. Kwa nini zimekufa zote pamoja, hilo lilimsumbua. Tuliporudi aliingia chini, akaweka beseni, akafungua mafuta ya boîte. Hayakutoka meusi. Yalitoka meupe-meupe, kahawa yenye maziwa kabisa. Akayasugua kwa vidole na kuuliza kama motokari hii inaingia mtoni.

Nilitaka kusema hapana, njia yangu inavuka mto kwa daraja. Halafu nikamtazama mume wangu.

Kila samedi, yaani Jumamosi, mara tu nikifika kutoka safari, alikuwa akiichukua kuiosha. Anashuka nayo kwenye ukingo wa mto Tshopo, anaingia mpaka maji yafunike magurudumu, anaipiga sabuni ili Jumapili tufike kanisani inang'aa. Alipenda sana kazi ile, na mimi nilimshukuru, nikanyosha miguu. Fundi akaeleza: boîte ina kitundu cha kupumulia, ikiwa moto, ukaiingiza kwenye maji ya baridi, inavuta maji ndani, na maji yanakula chuma. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilicheka, kicheko kibaya. Mume wangu alitazama beseni, na mzee, ambaye si mjinga, akaenda kutafuta spana aliyokuwa nayo mkononi.

Kazi ilichukua siku tisa. Nilisafirisha pondu kidogo kidogo kwa toleka, waendesha baiskeli wakilalamikia uzito. Na nilingoja. Kila asubuhi nilimpa mume wangu chai, nikampa na nafasi ya kusema. Alizungumzia wanafunzi wake.

Jumapili ikafika. Tulikula kwa tonton. Akasema, bon, Mungu asifiwe, boîte imepona, donc kabla haijavunjwa tena ufunguo utolewe. Akanyosha kiganja. Mume wangu alikuwa anatazama sahani. Mama yangu alinifunza kwamba mke hamwaibishi mume mbele ya wazee wake, na sikuwahi kuvunja neno hilo. Niliukaza ufunguo mkononi.

"Papa," nikasema, "mumuulize mafuta ya boîte ilitoka na rangi gani."

Tonton akamgeukia.

"Ya maziwa," mume wangu akasema.

Mtu aliyeendesha malori haelezwi maana yake. Kiganja kilirudi polepole. Akauliza nani anaiingiza kwenye maji, na mume wangu akajibu kwamba ni yeye, kila samedi. Tonton alikula matonge mawili. Kisha akatangaza kwamba madame aendelee kuendesha, lakini apunguze mwendo. Apunguze mwendo! Ilibaki kidogo nimwage sufuria ya pondu.

Kurudi niliendesha mimi. Boîte ilikuwa kimya, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kimya kile kilitulazimisha kusikilizana. Tulikuwa karibu kufika mume wangu alipoongea, akitazama nje.

"Nilijua tangu siku ile ya beseni. Nilizani utanyamaza."

"Na miye," nikamwambia, "nilizani utasema."