Kabla ya Ukanda wa Ngozi

Mwaka wa 1994, nikiwa na miaka kumi, baba alinitoa shule. Nilikuwa darasa la tatu, na hapo ndipo masomo yangu yaliishia. Usifikiri nilikuwa mjinga. Nilitolewa kwa sababu nilikuwa na akili. Ukame ulikuwa umemaliza nusu ya ng'ombe, mchungaji wetu akaenda zake, na mmoja wetu ilibidi arudi nyumbani. Baba alitutazama, mimi na ndugu yangu mdogo, akasema: "Huyu mdogo hupoteza mbuzi mchana kweupe. Huyo abaki kwa mwalimu. Huyu anajua ng'ombe, arudi." Ndivyo wazee wetu walivyopiga hesabu siku hizo. Mwerevu alipewa fimbo, mzembe akapewa kalamu.

Juzi nilipita mahali boma letu lilipokuwa, ukitoka Kitengela kuelekea Kajiado. Sikupatambua mpaka nikaulizia. Kumejengwa gorofa na kanisa la mabati. Nikazima gari, nikakaa humo ndani nikimkumbuka Koko, nyanya yetu.

Asubuhi, kabla sijatoa ng'ombe, Koko alikuwa akisafisha vibuyu kwa kijiti chenye makaa, na maziwa yake yalikuwa na harufu ya moshi ambayo sijaipata tena popote. Akisugua alinisimulia jinsi Enkai, Mungu wetu, alivyoteremsha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda mrefu wa ngozi, mpaka ukanda ukakatwa na mbingu ikaenda mbali. Nilimuuliza, "Na kabla ya ukanda, Koko, kulikuwa na nini?"

"Hiyo si ya mtoto," akasema. "Siku utakayopeleka ng'ombe mtoni peke yako na kuwarudisha wote, nitakuambia wewe, na wewe peke yako."

Bwana, nilichunga kwa ajili ya hilo jibu. Wengine walichunga kwa kuogopa kiboko.

Mwezi wa nane ndugu yangu akafunga shule. Alikuja na viatu, na daftari lenye jalada la bluu. Akakaa kwenye kigoda changu, akamsomea Koko: mwalimu alisema hapo mwanzo jua, nyota, hata vilima vya Ngong, vyote vilikuwa kitu kimoja, kidogo kuliko punje ya mtama. Halafu kikapanuka.

Koko akaacha kusugua. "Ng'ombe wote ndani ya punje? Walikula nini?"

"Ng'ombe hawakuwapo bado, Koko."

"Basi hiyo haikuwa dunia, ni upuzi!" Akacheka mpaka shanga zikalia.

Nikadhani ndugu yangu ameshindwa. Kumbe! Kesho yake alimwita, "Njoo unisomee ile punje." Na kesho kutwa tena. Malai ya juu ya kibuyu, ambayo ilikuwa yangu tangu nizaliwe, nikaona inamiminwa kikombeni mwa ndugu yangu. Mimi nilipewa ya chini na kuambiwa, "Harakisha, ng'ombe wanalia." Nilitembea nyuma ya mifugo nikipiga mawe kwa fimbo. Shule alichukua yeye. Sasa alikuwa anachukua na Koko.

Siku ya tano nililitoa daftari kwenye mfuko wake, nikawarushia mbuzi. Mbuzi wa kiangazi habembelezwi. Walianza na jalada.

Koko aliokota kipande chenye wino kando ya mdomo wa beberu. Alinitazama sana. Hakunichapa. "Umewalisha mbuzi dunia nzima," akasema. Ndugu yangu alilia kama amefiwa, maana mtihani ulikuwa karibu. Mimi nikangoja kiboko, na ningekipokea kwa furaha. Badala yake Koko alinikabidhi punda na mitungi.

"Nenda kisimani."

Kisha nikamsikia akimwambia ndugu yangu, "Ya kwako imeliwa. Njoo nikupe yangu."

Kutoka kwenye mteremko nilimwona akizungumza karibu na sikio la ndugu yangu, na yule mtoto anaitikia kwa kichwa. Nilichota maji nusunusu, nikamkimbiza punda mpaka mitungi ikamwagika. Nilipofika, walikuwa wamemaliza.

"Na mimi, Koko?"

"Wivu ukikutoka, uje."

Haukutoka. Mwezi uliofuata nilipeleka ng'ombe mtoni peke yangu na kuwarudisha wote. Sikwenda kumwambia. Nilibaki na hasira, na kabla ya mvua za masika tukamzika.

Ndugu yangu sasa ni mwalimu Ngong. Krismasi iliyopita, kwenye kochi langu, aliniuliza, "Kaka, si nikuambie tu yale maneno ya Koko?"

"Kunywa chai, itapoa," nikamwambia. Mtu hapokei urithi wake kutoka mkono wa aliyemnyang'anya. Najua hakunyang'anya. Najua ni mimi niliyewalisha mbuzi. Hata hivyo.

Nyumbu waliokuwa wakipita hapa kwa mamia hawapo, wamezibwa na nyua, na mimi mwenyewe niliuza waya wa baadhi ya hizo nyua. Vibuyu vinauzwa Namanga kwa watalii, havijawahi kuonja maziwa. Wanangu wakiniuliza dunia ilianzaje, nawasimulia mpaka kwenye ukanda, halafu nawatuma dukani.

Niko na nyumba kumi na mbili za kupangisha Kitengela. Niko na duka la hardware, lori mbili za maji, ekari ishirini upande wa Kajiado na ng'ombe arobaini. Ndugu yangu amepanga vyumba viwili Matasia. Yeye ndiye ako na hiyo ya kabla ya ukanda.