Baridi ya Chini

Sisi watu wa ziwani hatujui kutandika. Naweza kulisema hilo bila kumkosea mtu, maana mimi mwenyewe nimezaliwa huko, upande wa Liuli, na kutojua huko kulinigharimu. Kwetu unatandaza mkeka kwenye sakafu iliyokunywa jua mchana kutwa, unajitupia khanga miguuni kwa ajili ya mbu na heshima, basi. Blanketi tulikuwa nalo moja, la wagonjwa.

Nikaolewa Mkumbi, juu kwenye kahawa. Nilifika wakati wa mvua, na kwa kuwa mimi si mtu wa kutulia, siku ya pili tu nilikuwa nimeshaanza kukipekua kitanda. Juu ya kamba za kitanda nikakuta magunia mawili yaliyounganishwa kwa sindano ya mkono, yamejazwa maganda makavu ya mahindi. Ukiyakalia yanapiga kelele. Nikachungulia ndani, nikaona vumbi, nikawaza panya. Wiki haikwisha, nilikuwa nimeyafumua, maganda nimeyawashia moto, magunia nimeyafua na kuyaanika uani. Mahali pake nikatandika mkeka wa ukindu aliousuka mama yangu, wenye milia myekundu, mwembamba, mzuri kuutazama. Mume wangu hakusema kitu. Wanaume hulalia, hawatandiki. Mama mkwe, aliyekuwa na nyumba yake ng'ambo ya uani, alipita akayaona magunia kwenye kamba ya kuanikia, akasimama kidogo, akaenda zake shambani. Nikafurahi kwamba si mwanamke wa maneno.

Baridi ya mwaka wa kwanza ilinikuta na mimba, na mimba ina joto lake. Ya mwaka wa pili ilinikuta na mtoto wa miezi saba. Mwezi wa sita ulipoingia, ukungu ukawa unakaa bondeni mpaka saa nne, na mtoto akaanza kukohoa. Zahanati walimpa dawa ya maji. Kikohozi kilipungua, kikarudi, kikapungua, kikarudi. Niliogopa sana. Nilikuwa nazunguka uani naye mgongoni toka asubuhi, siwezi kukaa, siwezi kumaliza kuosha hata sufuria moja. Mwishowe nikamwambia mume wangu kwamba kikohozi kisipokwisha, nashuka ziwani na mwanangu. Akainamisha kichwa. Kila mtu pale alijua kwamba mke akishuka na mtoto mchanga kwa hasira, kupanda tena ni majaliwa.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipofunguliwa. Blanketi la kijivu tulilokuwa tukilipangia foleni kwenye duka la kijiji sasa lilikuwa halina mtu wa kuligusa, na wanunuzi wa kahawa walikuja na magari yao hadi mlangoni. Mume wangu aliuza gunia la kahawa mapema, akaenda gulio la Kitai ambako walikuwa wakifungua mabelo ya mitumba, akarudi na kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Muuzaji alikiita mfarishi. Ulikuwa mweupe, umevimba, umeshonwa vyumba vyumba, mwepesi kuliko ukubwa wake. Majirani walikuja kuubonyeza. Nami niliubonyeza nikasema, basi, baridi imekwisha.

Haikwisha. Tukalala na shuka, juu yake blanketi la kijivu, juu yake mfarishi, juu yake koti la mume wangu. Mtoto alitoka jasho kifuani, lakini ukimgeuza asubuhi mgongo wake ulikuwa baridi kama mtungi. Nililiona hilo kila siku, na kila siku nikaongeza kitu juu.

Hapo ndipo nilipolikumbuka blanketi la buluu. Siku ya harusi mama yangu alimletea mama mkwe blanketi zito, jipya, alilolipata kwa kuuza usipa, dagaa wa ziwani, msimu mzima. Tangu siku ile sikuliona. Hakujifunika nalo, halikuanikwa, halikwenda msibani. Nikajua limo kwenye sanduku lake. Moyo ukawa unachemka: mjukuu wake anakohoa hatua ishirini kutoka mlangoni pake, yeye amefungia blanketi anamwekea nani?

Jumapili wote walikwenda misa. Mimi ni Mwanglikana, udhuru ninao. Nikavuka ua, nikaingia chumbani kwa mama mkwe, nikafungua sanduku la bati. Nilikuta shati la marehemu baba mkwe, cheti cha ubatizo, sabuni mbili na rozari iliyokatika. Nilikuwa bado nimepiga magoti, mtoto mgongoni, aliposimama mlangoni. Alikuwa ametoka kanisani mapema kuja kumtazama mtoto.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

Mtu mwingine angeona aibu. Mimi nilipandwa na hasira.

"Blanketi la mama yangu. Mtoto anaumwa na baridi, wewe umelificha."

Alikwenda kitandani kwake, akakunja mkeka. Chini yake lilikuwepo, la buluu vilevile, limebanwa likawa bapa, na chini yake magunia ya maganda.

"Nalilalia," akasema. "Baridi ya huku haitoki juu, mama. Inapanda kutoka ardhini. Mtajifunika nyumba nzima, lakini kama chini ni mkeka mtupu, itawapata tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Magunia uliyafua ukayaanika, nikayaona. Nikasema, mkwe wangu hataki vitu vyetu. Sasa mimi niingie chumbani kwa mwanangu nimfundishe mkewe kulala?"

Mahindi mapya yalikuwa bado shambani, maganda makavu hakuna. Akayatoa ya kwake, akayabeba kichwani mwenyewe, blanketi kwapani, akavuka ua. Alitandika magunia, akalaza lile la buluu juu yake, halafu mkeka wangu, na nusu ya vitu vyetu vya kujifunikia akavikunja akaviweka kando. Kusema kweli roho iliniuma kuona blanketi la mama yangu linakwenda chini ya makalio.

Lakini mtoto alilala. Siku ya pili alikohoa mara chache, ya tatu hakukohoa. Mimi mwenyewe nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu niipande milima ile. Kikapu cha safari nilikuwa nimeshakipanga, nikakiacha palepale nyuma ya mlango, maana sikuwa na imani bado. Sikumuuliza mama mkwe yeye analalia nini. Hata halikunijia akilini.

Asubuhi ya nne nilikuwa nafagia uani niliposikia kikohozi. Ufagio ukanidondoka, nikakimbilia ndani. Mtoto alikuwa magotini kwa baba yake anacheka, anavuta kitufe cha shati. Nikatoka tena nikasimama katikati ya ua. Kikohozi kilikuwa kinatoka nyumba ya pili.

Niliingia bila hodi. Alikuwa ameketi kitandani, amejitanda shuka. Nikamwamkia, akaitikia kwa taabu. Nikainua ncha ya mkeka wake. Zilikuwepo kamba tu, na chini ya kamba udongo.

Nilirudi nyumbani, nikauzoa mfarishi, nikauleta kifuani, karibu nianguke kizingitini kwa kuwa sioni mbele. Aliponiona naukunja mara mbili ili uenee kwenye kamba alishtuka.

"Kitu cheupe namna hii ukilaze chini?"

"Baridi haitoki juu, mama."

Akauliza, taratibu, kwa sababu kikapu nyuma ya mlango alikuwa amekiona siku ile alipokuja kututandikia:

"Na safari yako?"

Nikamwambia anyanyuke kwanza, nimtandikie.