Nilivyomwomba Daktari wa Meno Apunguze Miezi

Meno yangu mawili ya mbele, ya juu, yaliondoka na ndoano ya kamba ya turubai. Tulikuwa Mgeta tunafunga mzigo wa kabichi kwenye lori, dereva akavuta upande wake kabla sijasema tayari, ndoano ikachomoka ikanifuata usoni. Nikatema mawili. Nikahesabu tena kwa ulimi, yakawa mawili yale yale.

Mimi ni dalali wa mboga. Nanunua kwa wakulima wa mlimani, nauza mjini Morogoro kwa wenye malori ya Dar. Kazi yenyewe ni mdomo. Miguu inausindikiza tu. Kwa hiyo nilitengenezewa meno ya bandia, yale ya plastiki ya kuvaa asubuhi na kuvua usiku, na miaka miwili ya kwanza yalikaa kwa adabu. Mwaka wa tatu yakaanza kulegea. Mwaka wa nne, sokoni, mteja alinitajia bei ya matusi kwa njegere nzuri kabisa. Nikamjibu "haipungui" kwa nguvu zote za kifua, na meno yakatoka pamoja na jibu, yakaingia kwenye debe la njegere.

Watu walinisaidia kuyatafuta, siwezi kusema hawakunisaidia. Mteja ndiye aliyeyaona.

"Mzee," akasema huku akinipa, "hata meno yako yameikataa bei yako."

Tangu siku hiyo nilikuwa nikitaja bei, watu wanangoja meno yaruke. Vijana wa kupakia walikuwa wananiambia, "Mzee shikilia, anakuja mnunuzi." Nikajikuta kweli nashikilia, kidole gumba juu ya mdomo, na hakuna mtu anayemwogopa dalali aliyeshikilia meno yake kwa kidole. Nilitaka meno yatakayobaki mahali pake nikisema hapana. Sikutaka zaidi ya hapo.

Ndipo nikasikia habari za vipandikizi: skrubu inafungwa ndani ya mfupa wa taya, kisha jino linakaa juu yake. Nikaenda kliniki ya mjini. Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu wa pili, akanipokea kwa shikamoo, na hapo nikajua nimeshapoteza nusu ya biashara. Ukishaitikia marahaba huwezi tena kumkaba mtu.

Alinipiga picha ya taya, akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapa kwenye pengo mfupa umepungua, mzee. Jino likitoka, mfupa uliokuwa unalishika unajiona hauna kazi, unaondoka taratibu. Ndiyo maana meno yako ya bandia yalilegea. Ungekuja mapema ingekuwa rahisi."

"Ningekuja mapema nisingekuwa na hela."

"Sawa. Lakini sasa lazima niongeze mfupa kidogo ili skrubu ishike. Tunatumia unga wa mfupa."

"Mfupa wa nani?"

"Wa ng'ombe. Umesafishwa kabisa."

"Huyo ng'ombe alichinjwa na nani?"

Aliniangalia kuona kama natania. Nilikuwa sitanii. Nyumbani kwetu hata kuku tunauliza, na kuku anapita tu, hakai kwenye taya mpaka siku ya kuzikwa. Binti hakucheka. Akasema upo pia unga uliotengenezwa kiwandani, usiotoka kwa mnyama yeyote, akaniandikia huo. Mtu yeyote anayekwenda kwa shughuli hii na aulize swali hilo mapema, kabla ya ganzi. Baada ya ganzi hutamki kitu.

Akanipima presha, akanipima sukari, akauliza sigara. Nikamwambia kumi kwa siku. Akasema niache, moshi unachelewesha kupona na skrubu inaweza kukataa. Nikauliza kama anatoa garantii.

"Ya skrubu ipo, ya kiwandani. Ya mdomo wako sina, mzee."

Nikauliza kama nikiweka meno mawili ananiongezea la tatu. Akasema sina pengo la tatu la kujaza. Nikahesabu, ni kweli, pengo la tatu lilikuwa la gego la mwisho kabisa, halihitajiki.

Tukafika kwenye muda. Alisema miezi sita. Miezi sita skrubu zimelala chini ya fizi, mfupa unaota kuzizunguka, na mimi sing'ati kitu kigumu kwa mbele. Meno ya bandia nivae kwa kutokea mbele za watu tu, kula niyavue.

"Fanya mitatu," nikasema.

"Mfupa haujui kupatana, mzee."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyekubali. Moyoni nilikuwa nimeshafunga hesabu. Nimekaa sokoni miaka mingi, na sijawahi kukutana na mtu anayeanza na bei yake ya kweli. Anayesema sita anataka tatu. Aliyeambiwa aache sigara kumi, avute tano, wote wataondoka wameridhika. Nilimwona binti ni mfanyabiashara mzuri, kaweka nafasi ya kushuka, nami nikashuka kimya kimya bila kumuaibisha.

Skrubu ziliingia bila maumivu ya kusimulia. Nilisikia mtikisiko kichwani, kama fundi anatoboa ukuta wa jirani. Wiki ya kwanza nilivimba, nikanywa uji na mtori, mke wangu akaniambia ndiyo mara ya kwanza anaongea mpaka anamaliza.

Mwezi wa tatu ulipotimia, nilikuwa Mlali kuangalia nyanya. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anachoma mahindi, mabichi, ndiyo kwanza yametoka shamba. Nikahesabu miezi kwa vidole. Mitatu. Nikahesabu tena, nikaongezea na siku nne za zawadi. Nikanunua la kwanza, nikalila na meno yangu ya bandia mdomoni, nayakandamiza juu ya zile skrubu mstari kwa mstari. Lilikuwa tamu. Nikanunua la pili.

Baada ya wiki mbili fizi ya kushoto ikaanza kuuma, na nikibonyeza kwa ulimi kitu kinacheza humo ndani. Nikarudi kliniki.

"Ulikula nini?" binti akauliza.

"Uji."

"Wa nini?"

"Wa mahindi."

"Yaliyosagwa?"

Nikaangalia dirishani. Kuna mtu alikuwa anaosha gari.

"Yalikuwa bado kwenye gunzi," nikasema.

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Ya kulia imeshika, akasema, ya kushoto imekataa. Akafungua fizi kidogo, akaitoa kwa vidole viwili tu, bila hata kuvuta, akaiweka kwenye kisahani cha chuma. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri, kama punje moja ya hindi. Niliiangalia nikaelewa kwamba nilikuwa nimepatana peke yangu, upande wa pili wa meza hapakuwa na mtu.

Tukaanza upya upande wa kushoto: kungoja mfupa ujifunge, skrubu nyingine, kungoja tena. Gharama nyingine pia, na hiyo nililipa bila kufungua mdomo. Sigara nikaacha zote. Meno ya bandia akanikataza kabisa, kwa hiyo karibu mwaka mzima nilitembea na pengo wazi, nikala ugali kwa pembeni kama mbuzi. Alipotaja miezi niliandika kwenye daftari, nikamwomba aangalie kama nimeandika sawa.

Siku aliyofunga meno yenyewe alinipa uzi wa kusafishia na mswaki mwembamba, akasema nirudi mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hayaozi lakini fizi inaugua. Nikagonga kwa ukucha. Hayakutikisika.

Wiki ile ile nikapanda Mgeta. Mama mmoja ninayenunua karoti kwake miaka yote alinisalimia, akanizunguka upande wa pili kunitazama vizuri.

"Shemeji, meno hayo ya wapi?"

"Ya hospitali."

Akataja bei ya gunia. Ilikuwa juu kuliko ya wiki iliyopita.

"Juzi hukusema hivyo."

"Juzi ulikuwa na pengo. Tulikuwa tunakuonea huruma, tukasema huyu baba kaishiwa. Mwenye meno hayo hawezi kukosa hela."

"Hapana," nikamwambia, kwa nguvu zote za kifua. Meno yalibaki mahali pake, yote mawili.

"Yanakaa vizuri," akasema. "Bei ndiyo hiyo."

Nikalipa. Halafu nikachomoa karoti moja kwenye gunia la juu, nikaipangusa kwenye shati, nikaing'ata kwa mbele, taratibu, akiniangalia.